Ekzosi Mpya na Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Juni

Baba mkwe ametangaza mezani. Shemeji mdogo anaolewa Jumapili, na gari la kumpeleka ukumbini litakuwa ama langu ama la mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Jumamosi atayaona yote mawili, ataamua.

Lake ni jeupe, la milango minne, halina roho. Langu ni gari la michezo la viti viwili, jekundu, la zamani, kila nati ilivyotoka kiwandani. Hapo pana mashindano gani? Tatizo moja tu: halisikiki. Linakohoa taratibu kama mhasibu kikaoni. Nimeamua. Ekzosi mpya, pana.

Wakati wa kuagana mwanyumba akanishika bega, akaniomba nisiliguse gari, eti uzuri wake ni kubaki lilivyozaliwa. Amejuaje? Nilimwambia mke wangu tu. Na kinyozi. Na waliokuwa kwa kinyozi.

Ushauri wa bure! Kutoka kwa mtu ambaye ukiazima pampu kwake anakuuliza utairudisha lini kabla hujaishika.

Jumanne, 4 Juni

Kwa fundi wangu. Akaingia uvunguni mwa gari, akatoka, akafuta mikono, akakataa kazi. Amesema injini ndogo kama hii inapumua inavyostahili. Nikipanua pa kutokea moshi bila kugusa pa kuingilia hewa nitapata kelele na masizi, na kabureta itahitaji kurekebishwa upya. Nikauliza habari ya nguvu. Akasema nguvu hiyo naweza kuipata leo hii kwa kushusha tairi la akiba. Akacheka. Sikucheka.

Fisi gani anakataa mfupa?

Mezani kwake palikuwa na vikombe viwili vya chai. Nikagusa cha pili. Cha moto! Kumuuliza, akasema mwanyumba wangu alipita kubadilisha oili. Oili! Siku zote hizo, akaikumbuka leo.

Jumatano, 5 Juni

Sitaki maneno, nataka ushahidi. Nimelijaribu gari na ekzosi ya zamani kwenye mlima wa nyuma ya posta. Ndani tulikuwa mimi, mke wangu, na cherehani ya mama mkwe tuliyokuwa tunamrudishia. Gari limepanda likiugua. Limebanwa pumzi, hilo hata mtoto angeliona.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi wa mageti amekubali kabla sijamaliza sentensi. Huyo ndiye mtaalamu. Aliuliza tu kama nataka ua mwishoni mwa bomba, kama lile analoweka kwenye madirisha. Nikakataa. Baadaye nikasema labda dogo. Ekzosi ya zamani ikatupwa kwenye chuma chakavu, ikaenda zake.

Nikarudi mlimani, peke yangu. Limepaa! Nikampa mke wangu matokeo. Akauliza mara hii yeye alikuwa wapi, na cherehani ilikuwa wapi. Nikamwambia hayo ni mambo ya kiufundi. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu yupi? Jana alizungumza na dada yake kwenye simu mpaka ugali ukapoa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 7 Juni

Jirani amegonga mlango kuuliza kama nimefungua mashine ya kusaga. Wivu. Mtoto wake amelia asubuhi nzima. Huyo nadhani amefundishwa.

Gari likisimama linatetemeka. Linatoa moshi mweusi. Fundi alisema litatoa masizi, na sasa linatoa masizi. Amejuaje, kama hakulichezea alipokuwa uvunguni? Nimelifunika kwa shuka la kitandani na kukaa kwenye kiti mbele yake. Hakuna atakayelisogelea.

Jumamosi, 8 Juni

Ukaguzi. Baba mkwe akaanza na gari la mwanyumba. Akaketi, akafumba macho, akasema linafaa. Akaja kwangu. Akalizunguka, akapapasa boneti, akatabasamu. Nimeshinda, nikajua.

Shemeji mdogo akaleta shela kuona kama litaenea kwenye viti viwili. Akasimama nyuma ya gari apigwe picha. Nikaona niwape kitu cha kukumbuka. Nikawasha, nikakanyaga mafuta.

Kishindo. Ua la bomba likaruka mpaka kwenye maua halisi ya mama mkwe. Moshi ukapungua. Shela lilikuwa limegeuka kaniki.

Shemeji mdogo alikunja tu lile shela, taratibu, akaingia ndani. Afadhali angenitukana. Mama mkwe akaomba sabuni na ndimu. Baba mkwe akaniuliza jambo moja, kwa upole: kabla ya hapo, gari hili lilikuwa na kasoro gani?

Nilikuwa bado namweleza habari ya pumzi alipochagua jeupe.

Ndipo mwanyumba akasema mbele ya wote kwamba tangu Jumatatu alikuwa akimsihi mzee achague langu, kwa sababu bibi harusi mwenyewe analipenda tangu utotoni. Ndiyo maana aliniomba nisiliguse. Watu wakatikisa vichwa, wakamwona muungwana.

Nimelitafakari hilo hadi sasa. Kunipendekeza ili nianguke kutoka juu zaidi! Sikujua ana akili kiasi hicho.

Jumapili, 9 Juni

Shela limetakata, karibu lote. Shemeji mdogo amependeza, na ameniangalia mara moja tu. Kwenye msafara baba mkwe aliagiza nibaki nyuma kabisa, nyuma hata ya gari la viti vya kukodi. Naelewa. Waliogopa ningewapita.

Ukumbini fundi wangu akanijia na sahani yake. Akasema ekzosi kama ile ya kiwandani anaweza kunitafutia, na kabureta ataiweka sawa bila kunidai. Mke wangu akasema mshukuru. Mwanyumba akasema hilo ndilo wazo. Watu watatu, neno moja! Bila kupanga, linawezekana?

Kurudi, mke wangu amepanda jeupe. Amesema anataka kusikilizana na mtu njiani. Wameshamteka.

Nimekuja peke yangu, nikiwaza, na mlima nimeupanda vizuri sana. Kosa nimeliona: bomba moja halitoshi. Kesho asubuhi naweka mawili. Nikiulizwa nyumbani, nitasema nimepeleka vipimo vya geti.