Tak Saba kwa Gari la Kwaya

Jumatatu, 2 Juni
Nimepata kle dinamometriki! Ya kwanza kwa sisi mafundi wa barabara yetu hapa Tshopo. Binamu yangu Idrissa kaitoa kwenye kambi ya wajenzi wa barabara iliyofungwa. Ni ufunguo mrefu wa kukazia nati, wenye namba kwenye mpini. Nati ikifika namba uliyoweka, ufunguo unalia "tak". Idrissa alieleza sana: vuta polepole, ukisikia tak acha hapo hapo. Nikasema oui, oui. Nilikuwa namtazama Arsène, fundi wa ng'ambo ya barabara, anayekaza kwa nguvu za mkono. Naye alikuwa anatazama. Raha iliyoje!

Jumanne, 3 Juni
Watu wanakuja kusikiliza. Tatizo, hakuna anayekubali kupewa tak pungufu ya jirani. Mwalimu Carlos alipewa tak moja. Mwenye duka la dawa akadai mbili. Mwalimu akarudi kudai tatu. Nikampa. Kama moja ni usalama, tatu ni usalama mara tatu. Arsène anawaambia watu kwamba gari haliendeshwi kwa mlio. Wivu tu.

Jumatano, 4 Juni
Papa Ruphin, dereva wa pikapu ya kwaya ya parokia, kaja. Alikasirika kusikia habari za mwalimu. "Alors, Mungu iko chini ya mwalimu?" Nikampa saba kila nati, gurudumu la mbele kushoto. Kwenye ya sita nati ikawa laini mkononi kama ugali wa fufu. Ya saba haikulia. Nikaitolea tak mwenyewe kwa ulimi. Papa Ruphin kaondoka ameridhika. Mimi sijui kwa nini ya saba haikulia.

Alhamisi, 5 Juni
Sasa najua. Idrissa kapita, kanikuta nampa mtu tak ya nne, kashika kichwa. Kumbe kila mvuto baada ya tak ya kwanza unairefusha bolti. Inakonda ndani, halafu inakatika njiani. Aliuliza kama nimeshafanya hivyo kwa gari jingine. Nikasema hapana.

Ijumaa, 6 Juni
Mungu wangu! Kesho kwaya inakwenda Bengamisa kwa Pentekoste. Na mke wangu Larissa ndiye sauti ya kwanza! Nikisema ukweli, Arsène atacheka mpaka wavuvi wa Wagenia kule mtoni wamsikie. Nisiposema... Nimejaribu ujanja. Nilimwambia Larissa anaonekana ana homa. Akasema homa ninayo mimi, ya kumwonea wivu Sébastien, mwalimu wa kwaya. Sijala chochote. Naogopa.

Jumamosi, 7 Juni
Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilivumilia hadi saa moja. Kisha nilikimbia kwa nani? Kwa Arsène, kwa kuwa ndiye mwenye pikipiki. Nilimwambia yote huku nalia. Hakucheka. Alichukua bolti mpya na funguo zake, tukaondoka. Kila kona nilifumba macho. Tulipovuka kilomita ishirini tukaona pikapu imesimama, imeinama upande. Wote wazima! Papa Ruphin alisikia kelele akasimama. Bolti nne zilikuwa zimekatika, mbili zimebaki. Mbili tu! Nikakaa kwenye tope. Arsène akatengeneza. Larissa alisema, "Yaya Arsène, kaka yangu, merci mingi. Weye, usiniongeleshe." Safari ikaendelea bila mimi.

Jumatatu, 9 Juni
Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kutouliza kwanza nani anapanda. Kuanzia leo nauliza. Asubuhi kaja Tonton Léon, mjomba wa Larissa, na gari lake la jeep. Anataka tak za mtu mkubwa. Nikauliza kama Larissa atapanda. Akasema hapana, Larissa kagoma kurudi, bado yuko Bengamisa. Vizuri! Nikampa tano kila nati, kwa moyo mweupe. Alipowasha gari akanifungulia mlango. Akasema Larissa hatarudi mpaka niende kuomba msamaha mbele ya kwaya nzima. Mjomba wa mke hakataliwi.

Naandika nikiwa kiti cha nyuma. Gurudumu la mbele linagonga. Tonton anasema ni mashimo. Barabara hapa haina shimo hata moja. Jasho linadondoka kwenye daftari. Nimeshika mlango kwa mkono mmoja, kle nimeibana kwa magoti. Tukisimama tu, kila nati naiongezea tak mbili: safari hii nimepanda mimi.