Tundu la Duara Humtia Ndege Wazimu

Kipimo alikuwa akipita zake mtaa wa mafundi, futi ya kupimia shingoni kama kawaida yake, alipoona kitu kikimeta dirishani mwa duka la mshonaji. Akarudi kinyumenyume. Lilikuwa tundu la ndege, la duara, shaba tupu kutoka kitako hadi kishikio. Juzi tu muuza vitu vya kale alikuwa amemwambia kwa kinywa chake: "Niletee tundu la zamani la shaba, nikupe kile chumba changu cha pembeni ufungue duka."

Duka! Kipimo alikuwa amechoka kukimbia. Miaka nenda miaka rudi aliingia nyumba za watu wanaofuga ndege, akalitia kasoro tundu lao, akawauzia "linalofaa", na lile la zamani akaondoka nalo eti akalitupe. Halikutupwa hata moja. Lisilofaa mtaa huu, kesho lilifaa mtaa wa pili. Na tumtendee haki: mawaidha yake yalikuwa ya kweli kabisa. Aliyapata kwa daktari wa mifugo, siku aliyokwenda kumwuzia daktari huyo kiti chake mwenyewe.

Ndani, mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, alikuwa akipinda suruali. Kasuku wake alikaa juu ya mashine akitafuna uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Suruali au shati?"

"Ndege, mama. Nimeona tundu lake pale dirishani, nikasema nikipita kimya Mungu ataniuliza."

"Lina nini tena?"

"La duara! Ndege akiogopa hutaka pembe ya kujibanza. Humo hana pa kwenda, atazunguka mpaka apate wazimu."

Mama Cherehani akasimamisha mashine. "Kumbe ndiyo maana ananitukana?"

"Ndiyo hiyo, mama."

Kipimo akajitolea kumbadilishia, bure, kwa huruma tu. Angemletea la pembe nne, na hilo bovu angemsaidia kulitupa.

"Lilikuwa la marehemu bibi yangu," alisema Mama Cherehani, akijifuta jicho kwa kipande cha kitambaa. "Lakini afya ya ndege kwanza."

Kesho yake tundu likaja. Mama akalizunguka polepole, mikono kiunoni.

"Refu hili. Hebu niambie, mwanangu, ndege huruka kwenda juu au kwenda mbele?"

Swali la kitaalamu lilikuwa udhaifu wa Kipimo. "Mbele, mama. Upana ndio mambo yote."

"Basi huyu ataruka wapi?"

Akaleta la pili, akayaunganisha. Mama akapitisha kidole katikati ya nyaya. "Chiriku wangu si watatoa vichwa hapa wakwame?"

"Una chiriku pia?"

"Wako uani kwenye katoni, masikini. Niwaache wafe?"

Ukaletwa waya wa matundu madogo. Vijiti vya kutulia navyo vikaonekana vina unene mmoja, na si Kipimo mwenyewe aliyesema miguu ya ndege huuma hivyo? Kisha jua. Kisha upepo. Kila alichokisema kilimrudia, na kila kilipomrudia alibeba kitu kingine kutoka stoo yake. Subira huvuta heri, alijiambia. Alisahau kwamba mkamia maji hayanywi. Stoo ikabaki tupu, na uani kwa Mama Cherehani likasimama banda ambalo mtu mzima angeweza kutembea ndani, kwa mbao alizozitoa kwa seremala kwa ulimi wake wote.

Lilikuwa zuri, lazima isemwe. Chiriku walipofunguliwa wakaruka kutoka ukuta hadi ukuta, na Kipimo akajikuta anatabasamu, jambo ambalo halikuwamo katika mpango.

Akalichukua tundu la marehemu bibi na kwenda mbio hadi kwa muuza vitu vya kale. Yule bwana akalikwaruza kwa ukucha. Chini ya manjano kukatokea bati.

"Bati!" Kipimo alikaa chini. "Lakini uliniambia unataka la shaba!"

"Nalitaka mpaka leo. Na wewe mtaalamu mzima, ulimwona ndege humo hata siku moja? Angekuwamo si angeidonoa hii rangi akafa?"

Kipimo alilijua hilo. Alikuwa akiwatisha nalo watu kila wiki. Alilipima tundu kwa macho kutoka kitako hadi kishikio, na ndege hakumtazama kamwe. Sasa hakuwa na tundu la shaba wala chumba cha pembeni, na kweli alitaka kulia.

"Liache hapa," alisema muuza vitu vya kale kwa upole. "Pale nilipokwaruza patapakwa tena."

Pazia la nyuma likafunguka. Mkewe akachungulia, brashi yenye rangi ya manjano mkononi.

"Mume wangu, mama amepiga simu. Anasema yule kijana amemjengea banda zuri mno, Mungu ambariki. Anauliza kama anajua na mabanda ya kuku."

Kipimo aliitazama brashi, akamtazama mkwe wa Mama Cherehani, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi chini ya meza. Kicheko kikamponyoka bila kukitaka.

"Mpe mama shikamoo yangu," alisema. "Na la kuku, nalipwa kwanza."