Povu la Eusebio

Jumatatu, 7 Agosti 1950, Nachingwea

Kambi yetu ya mradi wa kulima karanga ina matangi mawili ya kusafisha maji machafu. Moja langu, moja la Eusebio. Jumatatu ijayo bwana mtaalamu atayakagua. Mwenye tangi bora atakuwa mnyapara na atapewa nyumba ya bati. Mke wangu Mwanaheri amechoka kuishi kwa mama yangu. Mama naye amemchoka Mwanaheri. Lazima nishinde!

Tatizo: tangi la Eusebio lina povu zito, limeumuka kama maandazi. Langu povu lilikufa juzi. Aibu!

Jumanne, 8 Agosti

Nimemuuliza mtaalamu. Akasema kwenye tope wamo bakteria, ndio wanaokula uchafu. Na vimo vitu vidogo zaidi, virusi, kazi yao kuwaua bakteria. Ndivyo vilivyoua povu langu. Akaendelea kueleza. Sikusikia. Nilikuwa nimeshaanza kupanga.

Mchana Eusebio alipokwenda kula, nikachota ndoo mbili kwangu, nikamwaga kwake. Aliporudi akanishukuru kwa kumlindia tangi. Masikini!

Jumamosi, 12 Agosti

Povu la Eusebio linanywea! Analizunguka tangi na rozari mkononi. Nimempa pole ndefu.

Langu nimelitia miche sita ya sabuni, nikakoroga kwa mti. Povu mpaka kifuani! Mwanaheri ameuliza sabuni ya nyumbani imekwenda wapi. Nikamjibu imekwenda kutafuta bati.

Jumatatu, 14 Agosti

Msiba. Kumbe povu ndilo lilikuwa ugonjwa! Mtaalamu akasema linaletwa na aina moja ya bakteria, na kila aina ya virusi ina bakteria wake wa kuua. Hivi viliwaua waleta povu tu, walaji uchafu wakaendelea na kazi. Maji ya Eusebio yanang'aa. Kwangu akainama, akanusa, akauliza nani anafulia humu.

Eusebio mnyapara. Nikapiga kelele kwamba virusi vile ni vyangu, nilivimwaga mimi! Mtaalamu akauliza kwa nini.

Alhamisi, 17 Agosti, Ruangwa

Nimehamishiwa kwenye pampu ya maji huku. Mwanaheri amebaki kwa mama. Wakati wa kuagana aliniuliza kama nimejifunza. Nikamwambia ndiyo, mengi mno. Akafurahi.

Pampu ziko mbili. Ya pili ni ya Agapiti, mtu mpole, amenikaribisha kwa mihogo ya kuchoma. Pampu yake inafanya kazi vizuri.

Vizuri kupita kiasi.