Kuku wa Daftarini

Jumatatu, 3 Juni
Nina miaka sabini na minane. Nimezika wake wawili, redio nne, na daktari aliyenikataza chumvi. Leo karani wa takwimu, binti mmoja, kagawa madaftari mtaani. Kila nyumba iandike inachokula hadi Jumamosi. Mke wangu wa tatu kasema, mzee, andika kweli, wenye hali ngumu watapewa unga, na wetu umebaki wa kukung'uta. Niachie mimi, nikamwambia. Nikachungulia daftari la jirani, fundi cherehani. Kaandika samaki. Samaki! Yule!

Jumanne, 4 Juni
Tumekula maharage. Nimeandika kuku.

Jumatano, 5 Juni
Fundi kaingiza jokofu! Kaliweka mkabala na dirisha langu, makusudi. Nikaandika kuku wawili, mbuzi, maziwa. Karani kaja kukagua, kauliza, babu, kuku wawili kwa watu wawili? Nikamjibu, mwanangu, hapa hatudonoi, tunakula. Mke wangu alikuwa anakoroga maharage. Hakugeuka.

Ijumaa, 7 Juni
Mke wangu kauliza kuku wangu mbona hawana mifupa. Hoja nzito. Nikaenda kwa muuza kuku, nikaomba manyoya, nikayamwaga mlangoni upande wa fundi ayaone. Upepo ukayarudisha ndani, mpaka chunguni. Mke wangu kasema, haya, leo angalau yananukia kuku.

Jumanne, 11 Juni
Majina ya watakaopewa unga yamebandikwa. Fundi yumo! Ana watoto saba na mama mgonjwa. Jokofu ni bovu, kapewa na mteja, anafichia nguo za watu panya wasizitafune. Samaki alimla siku ile moja tu. Sisi hatumo. Karani kasema, kwa daftari langu, hakuna anayenizidi kwa kula katika kata nzima. Mke wangu kaketi chini, sufuria tupu mapajani.

Alhamisi, 13 Juni
Mke wa fundi kaleta bakuli la unga. Mke wangu kapokea kwa mikono miwili. Nikala. Lakini kwa kununa.

Ijumaa, 14 Juni
Karani karudi. Kasema aliyekosea aandike upya, jina liingizwe. Mke wangu kanisimamia begani. Nikaandika maharage. Maharage tena. Mkono unauma kwa ukweli. Mara nasikia fundi ng'ambo ya ukuta anamwambia mkewe, leo tukaange mayai. Mayai! Nikafuta yote. Nikaandika: ndama, nusu.

Mke wangu kahamia kwa dada yake, mpaka njaa initie adabu, kasema. Shauri yake. Mimi ndiye wa kwanza kwa kula katika kata nzima. Asiyeamini amuulize karani, anayo sahihi yangu. Mke wangu asiulizwe.