Giaboksi ya Kwenda Namasakata

Jumatatu, 14 Julai

Benigna wangu ana wiki ya tano kwa mama yake, Namasakata. Mama alivunjika mkono, akaenda kumwuguza. Mkono umepona. Benigna hajarudi! Leo nimempigia simu mara sita tu. Ya sita akasema, Baba Yasinta, naomba nipumue. Hapa nyumbani alikuwa hapumui? Madirisha yote mapana.

Lakini Bwana ananiona. Osmund kaleta lori lake gerejini kwangu, giaboksi inalia kama mbuzi. Jumamosi anakwenda kupakia mpunga Tunduru, na Namasakata ni huko huko. Tumepatana: naifunga upya, napanda naye, namrudisha mke wangu. Benigna simwambii. Nataka anione nikishuka kwenye lori nililoliponya kwa mikono yangu.

Jumanne, 15 Julai

Nimeifungua. Beringi zilikwisha, nimeweka mpya. Kilichobaki ni mchezo wa shafti, yaani iachiwe isogee mbele na nyuma kiasi gani. Hapo kuna shimu, vibati vyembamba vinavyokaa chini ya kofia ya beringi. Ukiongeza, shafti inapata nafasi. Ukipunguza, inabanwa.

Polikarp wa gereji ya jirani ana saa ya kupimia mambo hayo, ina mshale. Akanitolea mbele ya wateja. Eti chukua hii kaka, vidole vyako vimezeeka! Nikamjibu kwa upole wa Kikristo kwamba vidole hivi vilikuwa vinafunga giaboksi yeye akifinyanga magari ya udongo. Kisha nikatubu. Nusu.

Jumatano, 16 Julai

Kipimo nimepata! Kurasa za kitabu changu cha sala. Nyembamba ajabu. Unafunga kofia bila shimu mpaka ikae, unapima uwazi uliobaki chini yake, unaweka shimu za unene huo na kuongeza kidogo. Uwazi wangu ulimeza kurasa sita. Nikaweka shimu za kurasa sita. Za kuongeza? Za nini? Mimi sipendi kitu kinachochezacheza. Nikapunguza moja, kwa usalama.

Shafti sasa inazunguka kwa mikono miwili na kukoroma. Imara!

Litania ya Bikira Maria imepata dole gumba la grisi. Atanielewa. Naye aliishi na fundi.

Alhamisi, 17 Julai

Giaboksi iko mahali pake. Nimenyoa ndevu. Nimempigia Benigna nikamwuliza kwa mbali, angejisikiaje akimwona mtu asiyemtarajia. Akauliza kama nina homa. Nikapiga tena kumwambia sina. Nikapiga tena kuhakikisha amesikia.

Ijumaa, 18 Julai

Ee Mungu wangu.

Tulikwenda kujaribu lori barabara ya Namtumbo. Kilomita ishirini, harufu ya kuungua. Gia ikakwama namba tatu, haitoki. Nikaigusa giaboksi, nusura niache ngozi ya kiganja. Osmund hakunitukana. Alinitazama tu, akakaa chini kwenye majani. Afadhali angetukana.

Trekta likatuvuta kama maiti. Pale gereji Polikarp alisimama mlangoni. Nikamwita mwenyewe. Kutamka jina lake kulinitoa jasho.

Alikuja na saa yake ameikumbatia kama kichanga. Tukashusha giaboksi. Akaisukuma shafti huku, akaivuta kule. Mshale haukutikisika hata chembe. Akasema kaka, chuma kikipata moto kinanenepa. Umekinyima hata pa kujigeuza! Umekibana utafikiri kitakutoroka.

Hakunicheka. Sawa, alicheka mara mbili. Halafu akavua shati safi akaingia kazini.

Jumamosi, 19 Julai

Osmund kakodi lori lingine, kaondoka alfajiri bila mimi. Nilijificha nyuma ya mapipa nikalia kidogo. Polikarp akaja na chai, akajifanya anatafuta spana. Mtu mwema. Sikutegemea.

Tumefanya kazi kutwa. Beringi moja iliungua, Polikarp katoa ya kwake. Tukaongeza shimu, tukapima, tukaongeza. Mwisho mshale ukasogea mistari minane. Polikarp akasema sikia sasa. Shafti ikazunguka kwa kidole kimoja, kimya kabisa.

Simu iliisha chaji tangu jana tukivutwa. Hata sikukumbuka.

Jumapili, 20 Julai

Natoka misa, namwona Benigna amekaa kizingitini na begi na kuku wa mama yake! Kaja na basi. Kasema siku mbili simu yangu kimya. Ya kwanza alishukuru. Ya pili hakuweza kula. Akakumbuka ninavyoimba nikinawa grisi, akaaga.

Nikamweleza yote, ya kurasa na ya mshale. Akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Kisha akanishika kiganja kilichoungua, akakipaka asali polepole, hakukiachia.

Jumatatu, 21 Julai

Nimemtafakari mke wangu. Karudi kwa sababu zile simu sita kwa siku zilimwingia moyoni. Juhudi hazipotei. Namshukuru Mungu.

Leo anakwenda kwa dada yake, Majengo. Peke yake, kasema, mpaka jioni. Nimemwambia nenda, mke wangu, usiwe na haraka. Akafurahi, akanishika shavu.

Nimeazima baiskeli ya Polikarp. Nitakaa ng'ambo ya barabara, nyuma ya wauza ndizi. Hataniona. Nimevaa kofia.