Udi wa Harusi ya Ayaan

Jumanne, 6 Agosti 1996. Lodwar.

Redio imeingia! Nimeifunga mwenyewe kwenye pikapu ya Mzee Abdiladif, bila fundi, bila kumuuliza mtu. Ijumaa binti ya dada yake, Ayaan, anaolewa Kakuma, na mimi ndiye dereva wa bibi harusi. Mzee alitaka kumpa kazi hiyo Wal, fundi wa Kakuma, yule aliyetangaza sokoni kwamba mimi siwezi kutofautisha plagi na msumari. Sasa tuone nani ana muziki.

Shida moja tu. Fyuzi imekatika mara tatu. Fyuzi za siku hizi ni waoga. Ya nne nimeizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikatulia. Shule niliachia darasa la sita, lakini kichwa ninacho.

Jumatano, 7 Agosti. Kakuma.

Tumefika. Siku mbaya, lakini nimeokoa roho za watu.

Mama Faiso, mama ya bibi harusi, alikaa mbele nami. Nyuma abiria sita na mbuzi wawili. Kaseti inalia, nami nampungia mkono kila mchunga ngamia. Nusu ya njia, harufu. Kitu kinaungua! Nikasimama, nikazima kila kitu. Nikanusa magurudumu. Nikanusa breki, rejeta, mkanda wa feni. Nikanusa mbuzi. Hakuna. Nikanusa kikapu cha Mama Faiso: kopo kubwa la udi, na chetezo kando yake. Ala! Kumbe!

Mama akasema chetezo ni baridi tangu Lodwar, nikiguse. Nikakigusa. Kilikuwa baridi. Lakini abiria wote walikuwa wananitazama, nami nilishasema nimepata. Nikawaeleza kwamba udi wenye sukari ukikaa kwenye joto la Turkana hujiwasha ndani kwa ndani. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Nikaumwaga wote kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu. Ulikuwa udi wa Ayaan. Mama yake aliupika mwezi mzima kwa ajili ya siku hiyo moja. Alilia kimyakimya, na kwa heshima ya machozi yake sikuwasha redio tena. Harufu ikaisha! Mtu anataka ushahidi gani mwingine?

Alhamisi, 8 Agosti.

Kambi nzima ya wakimbizi imesikia. Ejok dereva, ejok dereva, yaani dereva mzuri, kila ninapopita. Asubuhi Mama Faiso alikuja mwenyewe mpaka kwenye gari, amejifunika mtandio, macho chini.

"Mwanangu, nisamehe. Ningewaua watoto wa watu."

Nikamsamehe.

Saa nane mchana nikajaribu redio kwa ajili ya kesho. Harufu ileile! Na ndani ya gari hamna hata chembe ya udi. Nikaingiza mkono chini ya dashibodi, nikautoa mbio, kidole kimeungua. Nikakaa humo milango imefungwa, jasho linanitoka. Nimemsamehe mama wa watu kwa kosa langu! Mtu mwenye haya hata kidogo angeingia chini ya gari asitoke.

Nikaenda kusema ukweli. Wanawake walikuwa wanazunguka kwa majirani kuomba udi, wanapata vipande viduchu. Nikafungua mdomo. Mama Faiso akaniwekea sinia ya wali na nyama, ya kunishukuru. Huwezi kukiri na wali mdomoni. Baada ya wali ikaja chai. Nitasema baada ya harusi.

Ijumaa, 9 Agosti.

Niliapa redio haitawaka. Niliapa kabisa. Lakini Wal alikuwa amesimama karibu na bomba la maji na wenzake, anauliza kama gari la bibi harusi ni bubu. Nikawasha. Wimbo haukufika hata kiitikio. Moshi ukatoka dashibodini, Ayaan akaruka nje na hina yake na dhahabu yake, kiatu kimoja kikabaki ndani. Wal akaja mbio, akachomoa waya wa betri, akaingiza koleo, akatoa fyuzi yangu bado imevaa karatasi yake. Akaiinua watu waone.

"Hii ndiyo udi ya mama?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama Faiso alinitazama, halafu akatazama mikono yake. Ayaan aliingia nyumba ya mumewe kwa miguu, bila udi wa mama yake. Mimi nilijificha nyuma ya tangi la maji mpaka watu wakatawanyika.

Jumamosi, 10 Agosti.

Mzee amechukua ufunguo. Anasema nitaupata siku dada yake atakapomwambia anipe. Aibu imenishika hadi tumboni, sili. Sawa, nimekula, lakini bila raha. Nitakwenda kwa Mama Faiso, nipige magoti, niseme kila kitu kwa mdomo wangu.

Au nimpelekee udi mwingine. Siku ya saba wanawake watakusanyika tena kwa Ayaan. Na udi ni nini? Sukari na kitu cha kunukia. Sukari ninayo.

Alhamisi, 15 Agosti.

Nimeupika siku tatu: sukari, utomvu wa mgunga, na chupa nzima ya mafuta ya nywele ya waridi. Nikautia kwenye kopo la maziwa, nikabandua karatasi. Nikampelekea Mama Faiso, nikamwambia umetoka Yemeni kwa mkono wa rafiki, ndiyo radhi yangu. Magoti nilisahau kupiga.

Akafungua. Akanusa. Akafunga kifuniko, akakikaza sana. Akaniuliza nina miaka mingapi. Nikasema thelathini na minne.

"Basi bado una muda, mwanangu."

Akaingia ndani na kopo.

Hakugundua kitu! Tena ameniombea maisha marefu. Ufunguo hakuutaja, nadhani anangoja siku nzuri. Niliona haya kidogo, mama mwema vile, lakini njiani zikapungua. Udi wa namna hii hapa Kakuma hakuna anayeuza. Kesho natafuta makopo kumi na mawili.