Kiti Changu Katika Ligi ya Mizimu

Jumatatu, 6 Februari 2023

Nimemaliza kuunda timu. Sijisifu, lakini timu ya namna hii haijapata kuonekana, na mimi nimo katika Ligi ya Mizimu tangu ilipoanzishwa. Hata jina niliipa mimi. Wachezaji wetu wote ni marehemu, watu waliocheza besiboli enzi za babu zetu. Kompyuta inawafufua na kuwachezesha mechi kadhaa kila usiku, sisi tumelala. Asubuhi unafungua tovuti na kukuta umeshinda au umeonewa.

Kila timu hupewa bajeti ile ile. Unamnunua mchezaji pamoja na mwaka wake mmoja, naye anakuchezea kama alivyokuwa mwaka huo. Wenzangu wanakimbilia majina makubwa. Shemeji yangu Verlyn, mdogo wake mke wangu, amenunua watu wasio na ladha yoyote, wanaokuja kazini kila siku na kupiga kwa kiasi. Timu kama uji wa hospitali.

Mimi nimegundua siri. Bei inafuata wingi wa kazi. Aliyecheza mwaka mzima ni ghali, aliyecheza wiki mbili anauzwa bei ya karanga. Basi nimewasaka waliocheza wiki mbili tu, lakini kwa namna ya kutisha! Chauncey Tuttweiler wa 1911 alikuwa akipiga karibu kila mpira aliorushiwa, kisha akarudi kwao kuvuna mahindi. Enos Haverkamp wa 1908, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, alitamba mpaka akavunjika kidole. Timu nzima ni watu hao. Kwa bajeti iliyosalia nimemnunua Moody Castleberry, mrushaji bora kuliko warushaji wote.

Na mwaka huu si wa mchezo. Kila Ijumaa tunakula samaki kwenye baa ya Zielke, meza ile ndefu chini ya kichwa cha paa kilichotundikwa ukutani, na viti vya ligi ni kumi na viwili tu. Sheria mpya inasema atakayeshika mkia msimu huu mfupi ukiisha, Alhamisi ya wiki ijayo, anaondoka mezani na kumpisha aliye kwenye orodha ya kungoja. Sheria hiyo niliipendekeza mimi. Nilimlenga Verlyn.

Marlys, mke wangu, kauliza kama nimeondoa theluji mlangoni. Nimemwambia kuna mambo mazito zaidi katika nyumba hii.

Jumatano, 8 Februari

Ushindi! Mechi zote! Tuttweiler anapiga kama mtu aliyetukaniwa mama. Niko kileleni mwa ligi, peke yangu, hewa safi.

Nikiwa kwa mteja nikipima korido yake kwa ajili ya zulia, nilimweleza jambo zima. Akaniuliza zulia litafika lini. Watu wengine hawana moyo wa michezo.

Verlyn kapiga simu. Kwa ile sauti yake ya pole akaniuliza, shemeji Lowell, umekisoma kipengele cha uchovu? Nikamjibu kwamba marehemu wamekwisha pumzika vya kutosha. Akasema haya, shemeji, mimi nilikuwa nauliza tu. Wivu huo. Mtu anakuonea gere halafu anakuita shemeji.

Ijumaa, 10 Februari

Samaki walikuwa wazuri na mimi nilikuwa mzuri zaidi. Niliwaeleza wenzangu siri yangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa wamechelewa kuiiga. Wengine walitazama sahani zao. Nadhani ni aibu.

Mwenyekiti wetu ni Mchungaji Reinhold, Mluteri mstaafu, ambaye bado anaongea kana kwamba nyuma yake kuna kinanda. Alisimama na bia mkononi, akatangaza kwamba kwenye orodha ya kungoja kuna mtu, amejiandikisha tangu Krismasi, na jina lake halitatajwa mpaka kiti kiwe wazi. Nikamgeukia Verlyn, nikamwambia akalie kiti chake vizuri, aanze kukiaga. Meza nzima ilicheka. Verlyn akaniongezea kabichi kwenye sahani yangu, akasema kula, shemeji, unahitaji nguvu. Sikuona kichekesho.

Marlys alikuwa meza ya pili na wanawake wa kwaya. Alikuwa akituangalia mara kwa mara. Nadhani alikuwa anajivunia mume wake.

Jumapili, 12 Februari

Wizi! Unyang'anyi! Nimefungua tovuti kabla ya kanisa nikakuta tumefungwa mechi zote za usiku. Kando ya jina la Tuttweiler kuna neno moja: Amechoka. Kando ya Haverkamp: Amechoka. Nusu ya timu yangu imechoka. Mtu aliyezikwa kabla mimi sijazaliwa anachokaje? Amefanya kazi gani?

Nimesoma kile kipengele. Kumbe kompyuta inampa kila marehemu pumzi ya mwaka wake tu. Aliyecheza wiki mbili ana pumzi ya wiki mbili, na kwa mechi kadhaa kila usiku inaisha ndani ya siku chache; ukimchezesha zaidi anaburuta miguu uwanjani. Jambo kubwa kama hilo limeandikwa waziwazi, ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, mahali ambapo hakuna mtu anayesoma!

Nimemfuata Mchungaji Reinhold nje ya kanisa nikataka mechi zifutwe. Kanishika bega, akasema, ndugu yangu Lowell, sote tutachoka siku moja. Nikamwambia nataka uamuzi, sitaki mahubiri. Akasema huo ndio uamuzi.

Jumanne, 14 Februari

Hali ni mbaya. Haverkamp hawezi hata kuinama, na mdakaji kazi yake yote ni kuinama. Sikununua mdakaji wa akiba. Nani ananunua mdakaji wa akiba? Ni kama kununua soksi ya tatu. Basi kompyuta, kwa ukatili wake, imemchukua Tuttweiler, mtu wa kona ya mbali, ikamchuchumaza nyuma ya mpigaji. Mipira imempita kama treni. Wapinzani walikuwa wanatembea mpaka kituo cha nyumbani na kujizolea pointi.

Nimempigia Verlyn. Ana wadakaji wawili, tena wazima. Nikampa nafasi ya maisha yake: anipe mmoja, nimpe watu watatu wenye vipaji vikubwa. Akauliza wana pumzi kiasi gani. Nikasema jamani, sisi ni ndugu, tutahesabiana pumzi? Alicheka mpaka akakohoa. Akasema shemeji, hata bure siwataki, nitawaweka wapi, sina vitanda. Nikakata simu.

Usiku wa wapendanao nilimletea Marlys kifuko cha vipande vya jibini mbichi, ile inayolia ukiitafuna. Tukala. Akaniuliza kwa upole kwa nini sikununua tu mtu wa kawaida anayecheza kila siku. Nikamweleza, kwa upole vilevile, kwamba besiboli ya namna hii ni hesabu, na hesabu ina mambo ambayo hayaonekani na kila mtu. Akasema sawa. Akala jibini iliyobaki.

Alhamisi, 16 Februari

Nimeshika mkia. Naandika neno hili mara moja tu. Verlyn yuko mbele yangu kwa ushindi mmoja, na usiku wa leo, mechi ya mwisho ya msimu, nacheza na Verlyn. Nikimfunga tunalingana, na kwa kuwa nilimfunga wiki iliyopita, mkia ni wake.

Sina wasiwasi. Nina mpango tangu Jumanne. Tuttweiler, Haverkamp na wenzao wote nimewapumzisha kabisa, wamekaa benchi wakinywa maji. Kujaza nafasi zao nimewapanga warushaji wacheze kila mahali. Tumefungwa vibaya, ndiyo, mpaka aibu. Lakini asubuhi hii kando ya jina la Tuttweiler kumeandikwa: Mzima. Mzima! Na Haverkamp pia. Wamefufuka mara ya pili.

Naomba niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Sikulala vizuri. Nimekaa kwenye kiti kile miaka mingi. Kazini mimi ni mtu wa mazulia, nyumbani mimi ni mtu wa theluji, lakini Ijumaa kwa Zielke nikiingia wanasema huyo amekuja, na mtu ananisogezea sahani. Sitaki kuzoea mahali pengine.

Ijumaa, 17 Februari

Tuttweiler alipiga nje ya uzio mara tatu. Haverkamp alidaka kama nyani. Tulipata pointi kumi na saba! Hakuna anayefungwa akiwa na pointi kumi na saba.

Verlyn alipata kumi na tisa.

Moody Castleberry, mrushaji bora kuliko wote, ambaye siku mbili mfululizo nilimkimbiza kona ya mbali kujaza nafasi za waliopumzika, alifika kwenye mechi ya mwisho hawezi kuinua mkono. Amechoka. Hao watu wa Verlyn wasio na ladha waliipiga mipira yake taratibu, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama wanaosaini hati za mshahara.

Jioni nilienda kwa Zielke kwa miguu yangu. Mchungaji Reinhold alisimama. Akasoma sheria, na kwa makusudi kabisa akataja aliyeipendekeza. Nikanyanyuka. Nilidhani mtu atasema, aa, Lowell, kaa bwana, ulikuwa utani. Wote waliendelea kutafuna wakinitazama. Verlyn peke yake aliangalia chini, na hilo liliniumiza kuliko kama angecheka.

Kisha Mchungaji akasoma jina la aliyekuwa akingoja. Marlys Pfister.

Mke wangu! Tangu Krismasi! Akainuka meza ya kwaya na sahani yake na glasi yake, akapita mbele yangu, akakaa kwenye kiti changu ambacho bado kilikuwa na joto langu. Msimu mpya unaanza Jumatatu na timu yake tayari ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa shuleni. Nikaichungulia. Watu wa kila siku watupu. Wadakaji wawili! Verlyn alisema dada, hii timu inatisha. Wote wakaitikia.

Mimi nilikula samaki wangu kaunta, nikiwapa mgongo. Nilikuwa na hasira. Pia nilikuwa na upweke, kama mtu aliyefika kwenye arusi akakuta jina lake halimo. Tulipotoka Marlys alinishika mkono kwa ajili ya barafu, akasema anaweza kunipa kazi ya ushauri nikitaka. Nikasema nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria.

Jumapili, 19 Februari

Nimekubali kuwa mshauri. Masharti ya Marlys: nishauri nikiulizwa. Tangu juzi sijaulizwa.

Mchungaji Reinhold kaniambia naweza kujiandikisha kwenye orodha ya kungoja, ila kuna watu wawili mbele yangu, wote wanakwaya. Na nimeelezwa pia kwamba kiti cha Marlys kikipotea, hakirudi kwa familia yetu. Nimeyaelewa hayo vizuri. Ndiyo maana nimeamua kumlinda mke wangu dhidi ya timu yake.

Maana nimekaa nikalitafakari kosa langu kwa unyenyekevu na nimeliona. Sikwenda mbali vya kutosha! Wiki mbili ni nyingi. Mtu wa wiki mbili anapata muda wa kuchoka. Nimepekua tovuti tangu alfajiri na nimempata Alvah Stroop wa 1903. Alisimama kupiga mara moja tu maishani mwake. Akapiga nje ya uzio. Basi, akaenda zake, hakurudi tena. Mara moja, na hajawahi kukosea! Bei yake ni ndogo kuliko senti.

Wako kumi na tatu wa aina yake. Nimewahesabu.

Marlys yuko kanisani, leo kwaya inaimba nyimbo nne. Dirisha la kubadilisha wachezaji linafungwa saa sita mchana. Nywila yake ni jina la mbwa wetu. Nimeanza kwa kuwaondoa wadakaji, wote wawili.